Kutoka kutoweka hadi kutoweshwa: safari ya neno 'disappear'

Katika taarifa za haki za binadamu zinazotoka Nairobi, Kampala au Bujumbura, kitenzi kimoja cha Kiingereza hujirudia katika umbo linaloweza kumshangaza mwanafunzi wa sarufi: fulani "was disappeared". Kwa kanuni ya kawaida, 'disappear' ni kitenzi kisichohitaji mtendwa. Meli hutoweka kwenye upeo wa macho, na hakuna aliyeitowesha.

Neno lenyewe liliingia katika Kiingereza karne ya 15. Liliundwa kwa kiambishi cha ukanushi 'dis-' na kitenzi 'appear', chenye asili ya Kilatini na maana ya kujitokeza mbele ya macho, kwa kufuata mfano wa Kifaransa cha kale. Matumizi ya kumtowesha mtu yalijulikana kwa wasomaji wengi kupitia riwaya ya Joseph Heller, Catch-22, iliyochapishwa mwaka 1961, ambamo wakubwa wa jeshi wanapanga kumtowesha askari, na mhusika mmoja anashangaa kwamba hata sarufi hairuhusu jambo hilo.

Uzito wa sasa wa neno hilo, hata hivyo, ulitoka Amerika ya Kusini. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Machi 24, 1976 nchini Argentina, maelfu ya watu walikamatwa majumbani, kazini na barabarani, na kila ofisi ya serikali iliyoulizwa ilijibu kuwa haina habari zao. Familia ziliwaita 'desaparecidos', yaani waliotoweka. Aprili 30, 1977, kina mama wachache walikusanyika katika uwanja wa Plaza de Mayo mjini Buenos Aires wakidai kuambiwa walipo watoto wao. Baadaye vitambaa vyeupe vichwani vikawa alama yao. Mwaka 1979 mtawala wa kijeshi, Jorge Rafael Videla, aliwaambia waandishi wa habari kwamba aliyetoweka si hai wala si maiti, bali hayupo tu. Ni vigumu kupata maelezo yaliyo wazi zaidi ya shabaha ya mbinu hiyo. Tume ya taifa iliorodhesha watu 8,961 mwaka 1984. Mashirika ya haki za binadamu hutaja 30,000.

Mbinu hiyo ilikuwa na mtangulizi. Desemba 1941 Hitler aliamuru wapinzani katika nchi zilizokaliwa wachukuliwe kwa siri na jamaa zao wasiambiwe lolote, amri iliyopewa jina la Usiku na Ukungu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa Desemba 20, 2006 na kuanza kutumika mwaka 2010 uliligeuza neno kuwa kosa la kisheria. Sharti mtu awe amenyimwa uhuru na maafisa wa dola, au na watu wanaotenda kwa idhini yao. Kisha dola ikatae kukiri kuwa inamshikilia au ifiche alipo, hivyo kumweka nje ya ulinzi wa sheria. Kukana ndiko kunakolitenganisha kosa hili na ukamataji holela. Kenya, Uganda na Burundi zilitia saini Februari 2007, lakini saini pekee haifanyi nchi kufungwa na mkataba kama inavyofanya kuuridhia.

Kiswahili hakikuhitaji kuvunja sarufi yake. Toweka huzaa towesha na toweshwa. Potea huzaa poteza na potezwa. Magazeti hupenda zaidi 'kutekwa', ingawa neno hilo husimulia namna mtu alivyochukuliwa tu, na halisemi chochote kuhusu ukimya unaofuata. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya iliripoti visa 82 kati ya Juni na Desemba 2024, huku watu 29 wakiwa bado hawajulikani walipo. Nchini Burundi mwandishi Jean Bigirimana hajaonekana tangu Julai 2016, na nchini Tanzania mwenzake Azory Gwanda tangu Novemba 2017.

Kwa familia, tofauti ya maneno hufika hadi kwenye makaratasi. Argentina ilitunga mwaka 1994 sheria inayomtambua mtu kuwa hayupo kwa sababu ya kutoweshwa, ili mirathi na ndoa zishughulikiwe bila jamaa kulazimishwa kutangaza kifo ambacho hakuna aliyekithibitisha. Nchini Kenya, sheria ya ushahidi humdhania mtu kuwa amekufa asiposikika kwa miaka 7, awe amezama ziwani, amehama bila kuaga, au amechukuliwa usiku mlangoni pake.