Kamati ya Olimpiki ya Burundi

Kamati ya Taifa ya Olimpiki ya Burundi iliundwa mwaka 1990, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ikaitambua mwaka 1993. Burundi ilikuwa huru tangu tarehe 1 Julai 1962, kwa hiyo miaka 31 ilipita kabla haijawa na mlango wa kuingilia Olimpiki. Si kwamba michezo ilikosekana. Shirikisho la soka lilijiunga na FIFA mwaka 1972. Mwaka 1992 klabu ya Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Wakimbiaji hodari pia walikuwepo.

Kilichokosekana ni chombo cha kuwapeleka. Mwanariadha hajiandikishi mwenyewe Olimpiki, hata awe na kasi ya namna gani. Jina lake huwasilishwa na kamati ya taifa lake. Aliyeonja uchungu wa kanuni hiyo kuliko wote ni Dieudonné Kwizera, mkimbiaji wa masafa ya kati. Michezo ya Seoul ya 1988 na ya Barcelona ya 1992 ilimpita akiwa katika umri wake bora, kwa sababu tu nchi yake haikuwa na kamati inayotambuliwa.

Utambuzi ulipopatikana, nchi ilikuwa inaingia vitani: Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993. Hata hivyo timu ya kwanza ilikwenda Atlanta mwaka 1996, na siku zake huko zilikuwa nzito. Tarehe 25 Julai, michezo ikiendelea, jeshi lilimrudisha Pierre Buyoya madarakani. Tarehe 31 viongozi wa kanda, wakikutana Arusha, waliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Siku tatu baadaye, tarehe 3 Agosti, Vénuste Niyongabo alisimama kwenye mstari wa mita 5000.

Mbio zake hasa zilikuwa mita 1500, na alitajwa miongoni mwa wenye nafasi kubwa ya medali. Aliiacha nafasi hiyo ili Kwizera apate hatimaye kukimbia Olimpiki, naye akahamia masafa ambayo alikuwa ameyashindania mara mbili tu maishani. Kwizera alitolewa katika mchujo. Niyongabo alishinda kwa dakika 13 na sekunde 7.96, akimtangulia Paul Bitok wa Kenya kwa sehemu ya tano ya sekunde. Burundi ikapata dhahabu katika Olimpiki yake ya kwanza kabisa. Ni haki kukumbuka kwamba Aloÿs Nizigama naye alishika nafasi ya nne katika mita 10,000, jambo ambalo dhahabu ya mwenzake imelifunika.

Medali ya pili ilichukua miaka 20. Francine Niyonsaba aliipata Rio mwaka 2016, fedha ya mita 800, nyuma ya Caster Semenya wa Afrika Kusini na mbele ya Margaret Wambui wa Kenya. Mwaka 2019 kanuni mpya za shirikisho la riadha duniani kuhusu homoni ya testosteroni ziliwafungia wanawake hao watatu mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Niyonsaba alianza upya katika masafa marefu: alikuwa wa tano katika mita 10,000 mjini Tokyo, na Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya mita 2000 mjini Zagreb.

Uongozi wa kamati ulishikwa mwaka 2017 na Lydia Nsekera, aliyekuwa rais wa shirikisho la soka la Burundi tangu 2004 hadi 2013. Aliingia IOC mwaka 2009, na mwaka 2012 akawa mwanamke wa kwanza katika Kamati ya Utendaji ya FIFA. Mwaka uliofuata mkutano mkuu ulimchagua kwa kipindi cha miaka minne.