Raundi Mbili za Hagler

Mabondia wengi hutanguliza mguu wa kushoto. Mkono wa kushoto hukaa mbele kupima umbali na kumchokoza mpinzani, wa kulia hubaki nyuma ukivizia nafasi ya konde zito. Mashoto hugeuza yote hayo. Wanaoweza kupigana kwa mikao yote miwili bila kupoteza nguvu wala mizani ni wachache, na mmoja wao alikuwa Marvin Hagler.

Alizaliwa Newark, Marekani, mwaka 1954. Baada ya ghasia za mjini humo za 1967 familia ilihamia Brockton, Massachusetts, na huko akaingia katika jimu ya ndugu wawili, Goody na Pat Petronelli, waliobaki naye hadi mwisho. Mkao wake mkuu ulikuwa wa kishoto, na hilo peke yake liliwatia kero wapinzani: miguu ya mbele hugongana, jabu, ngumi ya mkono wa mbele, huzuiwa na mkono wa mbele wa mwenzake, na konde zito hutokea upande wasiouzoea. Hagler aliongeza kero nyingine. Aliweza kurusha ngumi huku akipiga hatua, mguu wa nyuma ukawa wa mbele, na mpinzani aliyeanza kumsoma akalazimika kuanza upya.

Mkanda wa uzito wa kati ulichelewa kumfikia. Novemba 1979 alitoka sare na Vito Antuofermo, na bingwa akabaki na mkanda wake. Septemba 1980, ukumbini Wembley, London, alimsimamisha Alan Minter, aliyekuwa bingwa wakati huo, katika raundi ya tatu, na mashabiki wenye hasira wakarusha chupa ulingoni. Tangu hapo aliutetea mara 12. Wa mwisho kushindwa alikuwa Mganda John Mugabi, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow, aliyekuwa amewamaliza kwa nokauti wapinzani wake wote. Machi 1986, huko Las Vegas, Hagler alimwangusha katika raundi ya 11.

Kisha akaja Sugar Ray Leonard, aliyekuwa amepigana mara moja tu katika miaka mitano. Upande wa Leonard uliomba raundi 12 badala ya 15, ulingo mpana na glovu za wakia 10. Hagler alikubali, akachukua fungu kubwa zaidi la fedha.

Usiku wa 6 Aprili 1987, kengele ilipolia, shoto maarufu kuliko wote alitoka kwenye kona akiwa ametanguliza mguu wa kushoto. Leonard hakushughulika na fumbo hilo; alizunguka, akarusha ngumi za haraka, akaondoka. Majaji wote watatu wakampa raundi mbili za mwanzo. Ya tatu ilipoanza, Hagler alirudi kwenye ushoto wake, na pambano likawa gumu kwa Leonard hadi mwisho.

Jaji mmoja alimpa Hagler 115-113. Wa pili akampa Leonard 115-113, wa tatu 118-110. Tazama kadi ya jaji wa pili: raundi saba kwa tano. Hagler angepata kwake moja tu kati ya zile mbili za mwanzo, kadi ingesoma 114-114, pambano lingekuwa sare, na bingwa angeondoka na mkanda wake. Hagler hakupigana tena.

Miaka 27 baadaye, Juni 2014, bondia mwingine wa mikao miwili, Terence Crawford, alikutana na Yuriorkis Gamboa mjini kwao Crawford, Omaha. Crawford, ambaye kwa asili hutumia mkono wa kulia, alianza kwa mkao wa kawaida na kasi ya Gamboa ikamsumbua. Hapo ndipo akageuka shoto. Gamboa aliangushwa mara nne na kusimamishwa katika raundi ya tisa. Hagler aliubadili mkao kabla hajaona lolote. Crawford alisubiri pambano lenyewe limwambie.