Meli ya Wajerumani iliyotubeba sisi
Sisi wa Rumonge tuliokimbia mwaka 2015, wengi tulibebwa na Liemba kutoka Kagunga hadi Kigoma. Jamani, meli ile ina mambo! Kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kiliiunda 1913, kisha kikaifungua na kuileta kwa vipande, masanduku kama 5,000. Ikashushwa majini Kigoma 1915 kwa jina Graf von Götzen, ikafungwa mizinga ya vita. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, ila injini walizipaka grisi kwanza, wakitumaini kurudi. Waingereza wakaiibua 1924, injini bado nzima. Wenyewe hawakurudi kuichukua. Tukaja kuipanda sisi. Basi nami ufunguo wa nyumba yangu Rumonge naupaka mafuta kila mwezi, usishike kutu.