Kiatu cha kuchuchumia na vita vya Uhabeshi

Leo tuweke pembeni mambo ya bumu na ratiba ya mitihani, nataka kuongelea viatu. Ndiyo, viatu, tena vile vya kuchuchumia. Najua kuna watakaouliza, dada huyu anasomea ualimu wa Historia na Kiswahili, viatu vimeingiaje? Subirini, vitaingia kwa mlango wa mbele.

Mimi viatu virefu napenda kuviangalia kuliko kuvivaa. Na siongelei kila kiatu kirefu, maana vingi ni vya kawaida tu. Naongelea vile ambavyo ukikiona unasimama na kujiuliza: sasa hiki kimesimamaje? Swali lile lile unalojiuliza ukiona daraja refu halina nguzo katikati. Aliyekitengeneza kile ni mjenzi, basi tu kiwanja chake ni kidogo.

Hebu fikirieni. Msichana wa kilo 60 akisimama, tuseme nusu ya uzito wake inakaa kwenye visigino viwili, na akipiga hatua kuna muda kisigino kimoja kinabeba kilo 30 au zaidi. Kama ncha ya kisigino ni sentimita moja ya mraba, basi kilo 30 zote ziko pale. Tembo wa kilo 4,000, kwa vile miguu yake ni mipana, kila sentimita ya mraba inabeba kama kilo moja hivi. Yaani dada mwembamba anaichoma sakafu kuliko tembo! Ndiyo maana miaka ya 1950 na 60, visigino vya sindano vilipotoka, kuna majengo yaliyovipiga marufuku kwa kuharibu sakafu.

Kisigino chenyewe ni cha zamani na hakikuanza kwa wanawake. Wapanda farasi wa Uajemi walikivaa ili mguu usichomoke kwenye kikuku cha tandiko, kikafika Ulaya, na mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa akajigamba nacho kikiwa chekundu. Huko nisikae sana. Na sisi watu wa pwani tusijifanye wageni, mitawanda ya mbao ilimwinua bibi kutoka kwenye maji kwa vigogo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, kidole kikishika msuruaki. Huo nao ni ujenzi.

Lakini kisigino kirefu cha ngozi kina siri ambayo fundi viatu yeyote anaijua. Kiatu hakisimamishwi na kisigino peke yake. Ukipasua soli pale katikati, unyayo ulipoinuka, utakuta kipande cha chuma chembamba kilichopinda. Ile ndiyo boriti ya nyumba. Ikivunjika, kisigino kinalala na mwenye kiatu anakaa chini.

Sasa ndiyo nimlete mtu wangu, Salvatore Ferragamo. Alizaliwa 1898 kijiji cha Bonito, kusini mwa Italia, mtoto wa 11 kati ya 14. Kwao ushonaji viatu ulionekana kazi ya kudharaulika, lakini akiwa na miaka tisa akakesha akishona viatu vyeupe vya komunyo ya dada yake. Bado kijana mdogo akaenda Marekani kwa kaka zake, akaishia California akiwashonea waigizaji wa filamu. Huko kilichomsumbua ni kimoja: kwa nini kiatu kizuri kinauma? Akaenda kujisomea anatomia ya mguu Chuo Kikuu cha Southern California. Fundi viatu, darasani na watu wa udaktari! Alichokiona ni kwamba mtu akisimama wima, uzito wake unashuka kama timazi ya mwashi mpaka kwenye upinde wa unyayo. Viatu vya wakati ule viliuacha upinde unaning'inia, vikabeba vidole na kisigino tu. Yeye akaweka chuma kuubeba upinde wenyewe. Mwaka 1927 akarudi Italia, akafungua kazi Florence.

Hapa ndipo wanahistoria tunaamka. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliingia Ethiopia. Italia ilikuwa haijasahau aibu ya Adwa ya 1896, na safari hii walikuja na ndege na gesi ya sumu. Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, likaiwekea Italia vikwazo vya biashara mwezi Novemba. Vikwazo vyenyewe we acha tu: mafuta hayakuguswa, na Mfereji wa Suez ukabaki wazi kwa meli za Italia.

Kwa Ferragamo, chuma kizuri kikaadimika. Alichokipata kilikuwa kibovu, boriti zikawa zinavunjika ndani ya viatu na wateja wanarudisha. Mwingine angepunguza urefu wa kisigino akaendelea na maisha. Yeye akachukua gome jepesi la ule mti wa kutengenezea vizibo vya mvinyo, lilitoka Sardinia, nchini mwao humo humo. Akawa anakata vipande, anavigandisha na kuvichonga, mpaka pengo lote kati ya soli na kisigino likajaa. Umeona alichofanya? Kama huna boriti ya kuvusha pengo, ondoa pengo. Kikatoka kiatu chenye umbo la kabari, kirefu, chepesi, na unyayo umekaa juu yake wote. Hataza aliipata 1937.

Mwaka uliofuata akatengeneza kile ninachokipenda kuliko vyote, sandali ya Judy Garland. Soli yake ni matabaka ya gome yaliyovikwa ngozi laini, kila tabaka rangi yake, kama ngazi ya upinde wa mvua, na juu mikanda ya dhahabu. Waulizeni bibi na babu zenu waliovaa raizoni na bugaluu miaka ya 70, halafu mwangalie picha ya 1938. Ukoo ni ule ule.

Kinachonikera ni jinsi habari hii inavyosimuliwa. Nyingi ya makala za mitindo nilizosoma zinasema kulikuwa na uhaba wa malighafi, au kulikuwa na vikwazo, halafu fundi kwa kipaji chake akavuka. Uhaba unasimuliwa kama ukame, kitu cha kushuka tu kutoka mbinguni. Ethiopia inapata neno moja au haipati kitu. Na hata hilo la vikwazo halijakaa sawa, maana vilidumu kama miezi minane tu. Haile Selassie alisimama Geneva tarehe 30 Juni 1936 kuwaomba, na mwezi uliofuata vikwazo vikafutwa, Addis Ababa ikiwa tayari mikononi mwa Waitalia. Uhaba lakini ukaendelea, kwa sababu Mussolini alitaka Italia ijitegemee kwa malighafi zake na jeshi lihudumiwe kwanza. (Neno kujitegemea sisi tumelizoea kwa maana nyingine kabisa.)

Simaanishi Ferragamo alimwaga sumu kule Ethiopia. Alikuwa fundi kazini kwake. Wala sitaacha kukipenda kile kiatu, nimejaribu kukichukia nimeshindwa. Ila siwezi kukubali kusifu gome na kunyamazia kwa nini chuma kiliadimika.

Baada ya vita akatoa kingine cha ajabu, 1947, juu hakuna ngozi, ni nyuzi za nailoni kama za kuvulia samaki, mguu unaonekana umevaa hewa. Kilimpa tuzo ya Neiman Marcus kule Marekani. Yeye alifariki 1960, na waliofuata wamejenga mambo makubwa. Roger Vivier, aliyesomea uchongaji Paris, alitoa kisigino kilichopinda kama alama ya mkato. Zaha Hadid, msanifu majengo mzaliwa wa Baghdad, mwaka 2013 alitoa kiatu cha sentimita 16 ambacho nyuma kinaelea, hakuna nguzo chini ya kisigino. Alexander McQueen naye Oktoba 2009 alionyesha Paris vile vya kama kwato, vya sentimita 30 hivi, na wanamitindo watatu wakagoma kuvipanda jukwaani. Hivi vya mwisho navistaajabia, ila kwangu mimi mjenzi akisahau kwamba ndani ya nyumba anakaa mtu, amejenga sanamu. Ferragamo alianza na mguu, ndiyo maana namweka juu.

Nikienda kwenye mazoezi ya kufundisha, nikipewa mada ya ufashisti na uvamizi wa Ethiopia, nimeshaamua somo nitalianzia wapi. Ile mada watoto wanaikariri tarehe kwa tarehe, mtihani ukiisha imesahaulika. Mimi nitabandika picha ya kiatu ubaoni na niwaulize chuma chake kimekwenda wapi, halafu tukitafute wote mpaka Addis Ababa. Kwa hiyo mdau mwenye picha kubwa na safi ya ile sandali ya 1938 anitumie, yangu nikiichapisha rangi zote zinatoka kijivu.