Unga Mweupe na Unga wa Wimbi

Msomaji mpendwa, ukipata kufika Sindo wakati wa alfajiri, simama kidogo ufuoni. Utaona mashua zikirejea na taa zilizowaka usiku kucha katika kuvua dagaa, ambao wenyeji huwaita omena. Nyuma yako viko vilima vya Gwassi. Na kutoka majikoni harufu ya mafuta ya moto yasikika: chai inachemka, na chapati za maji zapikwa kwa chakula cha asubuhi.

Huenda ukadhani kwamba chapati ni kitu kidogo mno kuandikiwa historia. La, hasha. Historia si vita na wafalme peke yake. Imo pia katika kikaango. Basi na tuulize: unga huu mweupe ulifikaje katika mwambao huu, na kabla yake watu walifungua kinywa kwa chakula gani?

Zamani, kabla ya reli, Wasuba, ambao wazee wao walivuka kutoka upande wa Buganda na Busoga, pamoja na majirani zao Wajaluo, walilima mtama na wimbi. Kwa Kijaluo mtama huitwa bel na wimbi huitwa kal. Uji wake ni nyuka. Wimbi si nafaka ya kigeni. Wataalamu wakubaliana kwamba ilianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, maelfu ya miaka iliyopita. Nayo ina sifa njema: punje zake zaweza kukaa ghalani miaka mingi bila kubunguliwa, hata zikawa akiba ya siku za njaa. Akina mama waliisaga kwa jiwe, na unga ukatoka na ganda lake na kiini chake.

Lakini tusiisifu zamani kupita kiasi. Kusaga kwa jiwe kulikuwa kazi ya kuvunja mgongo, tena ya kila siku. Mashine ya kusagia ilipofika vijijini, mama aliyepumzisha mikono yake alikuwa na haki ya kushukuru.

Mabadiliko makubwa yalikuja na reli. Mwaka 1901 njia ya reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali paitwapo Kisumu leo. Watu zaidi ya 30,000 walikuwa wameletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka kandokando ya ziwa. Neno lenyewe, chapati, latoka kwao. Wakati huo huo vijana wa Nyanza walikwenda kufanya kazi mashambani na mijini, na wengi wakachukuliwa kuwa wapagazi katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Huko posho yao ilikuwa unga wa mahindi, zao lililotoka Amerika na kufika pwani yetu kwa njia ya Wareno. Waliporudi makwao, walirudi na mazoea mapya.

Ngano nayo ilikuwa na njia yake. Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, aliilima huko Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, akahangaishwa sana na ugonjwa wa kutu ulioangamiza mazao yake. Hata hivyo hakukata tamaa, na mwaka 1908 aliasisi kampuni ya kusaga nafaka iliyoitwa Unga Limited. Ngano hupenda baridi ya nyanda za juu, wala haistawi katika joto la Sindo. Kwa hiyo unga wake ulikuwa kitu cha kununuliwa dukani kwa fedha, na kitu cha kununuliwa kikawa kitu cha heshima. Mgeni alipikiwa chapati nyeupe. Uji mwekundu ukaachiwa wazee na watoto. Polepole watu wakaanza kuona haya kwa chakula kilichowalea.

Je, weupe huo ulikuwa na faida gani? Ili unga wa ngano uwe mweupe, kinu huondoa ganda na kiini cha punje, na humo ndimo vilimo vitamini na madini mengi. Sikiliza kisa cha Java, mwishoni mwa karne ya 19. Daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, aliona kuku waliolishwa wali mweupe wakidhoofika miguu, mfano wa watu wenye maradhi ya beriberi. Walipopewa mchele usiokobolewa, walipona. Kumbe dawa ilikuwa ndani ya pumba zilizotupwa! Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel. Kenya nayo, mwaka 2012, iliagiza kwa sheria kwamba unga wa ngano na wa mahindi unaosagwa viwandani utiwe vitamini na madini. Yaani kwanza twaondoa, kisha twarudisha kidogo.

Tazama na hesabu hii. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisiamu, madini yajengayo mifupa. Unga mweupe wa ngano usioongezwa kitu una 20 hivi tu.

Sisemi kwamba uiache chapati. Nasema uirudishie kilichopotea. Siku ya mapumziko, chukua kikombe kimoja cha unga wa wimbi na kimoja cha unga wa ngano usiokobolewa. Ngano usiiache kabisa, maana wimbi halina mnato, na chapati itakatika. Ponda ndizi mbivu, au kiazi kitamu kilichochemshwa, ili kupata utamu bila sukari. Vunja yai moja, ongeza maziwa au maji kidogo kidogo hata uji uwe mwepesi wa kumiminika, kisha uache nusu saa ili pumba zilainike. Pakaza kikaango mafuta kidogo tu, umimine upawa mmoja, na ugeuze chapati upande wa juu ukauke. Rangi yake itakuwa ya hudhurungi. Usiionee haya. Shibe yake itakufikisha adhuhuri.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakutukataza kupokea mgeni. Walitukataza kumtupa wa nyumbani kwa ajili yake. Ngano ya Njoro na wimbi la wazee wetu zaweza kukaa katika bakuli moja. Mwenye kujua historia ya chakula chake hachagui kwa kutazama rangi. Nawe, msomaji, kesho asubuhi utachagua nini?