Kabalega Alipofunguliwa

Vijana wa hapa Mlali wanazipenda sana filamu za Kijapani. Iko hadithi moja wanayoirudia: bingwa wa upanga aliyezeekea gerezani anaachiliwa, naye anawasaka maadui zake mmoja mmoja. Wakiniuliza kama Afrika Mashariki ilipata kuwa na mzee wa namna hiyo, huwatajia Kabalega wa Bunyoro.

Huyu hakuwa mtu wa mchezo. Mwaka 1872 askari wake walimtimua Samuel Baker kutoka Masindi. Waingereza walipomvamia mwishoni mwa 1893, wakisaidiwa na Waganda, alivuka Nile akapigana vita vya kuvizia kwa miaka mitano. Alikamatwa tarehe 9 Aprili 1899 katika nchi ya Walango. Aliyekamatwa pamoja naye ni Mwanga, Kabaka wa Buganda, ambaye majeshi yao yalikuwa yameuana miaka mingi! Risasi ilimwumiza Kabalega mkono hata ukakatwa. Kwa watunga filamu, nadhani, hadithi ingeishia hapo, maana upanga utashikwa na nani?

Alipelekwa Kismayu, kisha Shelisheli mwaka 1901. Mwanga alifia huko 1903. Kabalega aliishi, akabatizwa kwa jina la Yohana, akazeeka. Huku nyuma wanawe walitawala kwa ridhaa ya Waingereza, na sehemu kubwa ya ardhi ya Bunyoro, pamoja na baadhi ya makaburi ya wafalme wake, ilikuwa imekabidhiwa Buganda na kuthibitishwa kwa Mkataba wa 1900. Mimi naona kidonda hicho kilizidi kile cha mkono. Mtu anaweza kuzoea mkono mmoja. Kunyimwa kaburi la babu yako ni jambo jingine.

Mwaka 1923 aliruhusiwa kurudi. Alifika Jinja, na hapo akafa tarehe 6 Aprili, kabla ya kukanyaga Bunyoro. Walimzika Mparo, karibu na Hoima.

Vijana husikitika nikifika hapo. Lakini deni lilikuwa bado linadaiwa. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, ilikubaliwa kwamba wakazi wa Buyaga na Bugangaizi wapige kura kuamua wawe upande gani. Kabaka Mutesa wa Pili, ambaye wakati huo alikuwa pia Rais wa Uganda, aliwahamishia huko askari wastaafu wa Kiganda ili wazidishe kura. Haikufaa kitu, kwa sababu walioruhusiwa kupiga kura ni wale tu waliokuwa wameandikishwa mwaka 1962. Tarehe 4 Novemba 1964 wananchi walichagua kwa wingi kurudi Bunyoro. Wapo wanaoliita jambo hilo kisasi, nami siliiti hivyo, kwani hakuna aliyechinjwa kwa kura ile.

Omukama aliyekalia kiti siku hiyo alikuwa Tito Winyi, mwana wa Kabalega.