Nahodha Joseph Watt: Mvuvi Aliyerudi Kwenye Nyavu Zake

Wasomaji wengi wa jarida letu wanaifahamu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kupitia habari za Tanga, Mahiwa na Ziwa Tanganyika. Vita hiyo ilipiganwa pia mahali ambapo vitabu vyetu vya shule havifiki, na watu wa ajabu walijikuta ndani yake. Mmoja wao ni Joseph Watt, mvuvi wa Uskoti.

Watt alizaliwa mwaka 1887 huko Gardenstown, kijiji cha wavuvi kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo. Baba yake, naye mvuvi, alikufa maji mwanawe akiwa bado mdogo, na mama akahamia jirani na mji wa Fraserburgh. Nalitaja hili mapema kwa sababu hatumzungumzii askari aliyeikimbilia bahari baada ya vita ili imtulize. Bahari ilikuwa imekwisha kumwachia yatima kabla hajashika usukani wa chombo chochote.

Uingereza iliwahitaji wavuvi kwa sababu ya ujuzi wao wa nyavu. Mlango-bahari wa Otranto, kati ya Italia na Albania, una upana wa kilomita zipatazo 70, na humo ndimo nyambizi za Austria-Hungaria na Ujerumani zilimopita kwenda Mediterania. Basi jeshi la majini likachukua meli ndogo za mvuke zilizokuwa zikivua samaki aina ya heringi, likazipa nyavu za chuma na mzinga mdogo, likazipeleka huko. Kazi yenyewe haikuwa ngeni: kushusha wavu, kungoja, kutazama kilichonasa. Kusema kweli, nyambizi zilizonasa zilikuwa chache mno.

Asubuhi ya tarehe 15 Mei 1917 manowari tatu za Austria-Hungaria, zikiongozwa na Miklós Horthy, ziliwavamia wavuvi hao. Kati ya vyombo 47 vilivyokuwa zamu, 14 vilizamishwa na watu 72 wakatekwa. Mabaharia wengi walipewa nafasi ya kuteremka kwanza, nao wakaitumia. Mimi siwalaumu, mzinga wa kuvulia nyambizi haupigani na manowari. Watt, aliyekuwa na chombo kiitwacho Gowanlea, aliamriwa kusimama na kukihama, adui akiwa umbali wa mita kama 90 tu. Akaamuru mwendo wa kasi kwenda mbele, akawataka watu wake wapige vigelegele mara tatu na wapigane hadi mwisho. Mzinga wao ulitoa risasi moja tu kabla haujavunjwa. Manowari ilipopita, akaisogeza Gowanlea kando ya chombo kingine, Floandi, kilichoharibiwa vibaya, akasaidia kuwatoa majeruhi na maiti. Mwezi Agosti mwaka huohuo alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa wa vitani nchini Uingereza.

Hapa mwalimu wa tafsiri ana neno la kusema. Cheo cha Watt jeshini kilikuwa kilekile wanachoitwa wakuu wa vyombo vya uvuvi kwao; jeshi lilikiazima kutoka bandarini. Ukikitafsiri kuwa “kapteni”, umemvika sare ambayo hakuwa nayo. Kiswahili kina “nahodha”, neno lililotufikia kutoka Uajemi kwa maana ya bwana wa chombo (siku hizi tumeligawia hata timu za mpira). Watt alikwenda vitani nahodha, akarudi nahodha.

Alirudi kwenye heringi, na amani aliyoikuta haikuwa ya shibe. Wanunuzi wakubwa wa heringi ya Uskoti kabla ya vita walikuwa Wajerumani na Warusi, na masoko hayo yalianguka. Wavuvi waliomshinda Mjerumani wakabaki na mapipa ambayo Mjerumani hakuwa tena na fedha ya kuyanunua. Watt aliendelea kuvua hivyo hivyo. Vita ya Pili ilipozuka alitumika tena kwenye vyombo vidogo katika maji ya nyumbani.

Habari za Otranto hakupenda kabisa kuzisimulia. Wanaoandika juu yake huuita ukimya huo unyenyekevu, wengine huuita amani. Mimi nasita. Babu zetu wa Keya waliorudi kutoka Burma mwaka 1945 na 1946 nao wengi walinyamaza, wakashika jembe au ndoano, na sisi watoto tukadhani wametulia. Wengine walikuwa wametulia kweli. Wengine hawakuulizwa tu, au waliulizwa na mtu asiyejua hata Burma iko wapi. Tunachoweza kusema kwa hakika kuhusu Watt ni kwamba alikuwa na kazi aliyoijua tangu utotoni, na kazi hiyo haikumdai hadithi.

Horthy, aliyejeruhiwa vibaya siku ileile, alitawala Hungaria kuanzia mwaka 1920 hadi 1944. Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kupoteza pwani yake, lakini yeye aliendelea kuitwa Admirali. Alifia uhamishoni Ureno mwaka 1957. Watt alikuwa ametangulia miaka miwili kabla, Februari 1955, na kuzikwa Fraserburgh.